Kipimo cha Mguu wa Baba

Jumatatu, 8 Januari 2024

Leo nimempiga Baba picha. Sikutaka iwe hivi.

Ijumaa nilipopita karakanani nilimkuta ameketi kwenye kigoda chake, mguu wa kushoto umo ndani ya beseni la maji baridi. Mbele yake buti za dansi zimepangwa pea kwa pea, zinangoja njuga. Nikauliza kuna nini. Akasema amekanyaga vibaya tu. Nikaugusa ule mguu — moto! Kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Mwekundu, umevimba mpaka mishipa haionekani.

"Unauma?"

"Hauumi hata chembe. Ndiyo maana nakwambia si kitu."

Hapo ndipo roho iliponiruka. Mguu wa namna ile ungemliza mtu yeyote. Baba ana sukari mwaka wa kumi na tano huu, na sukari huanza kwa kuua maumivu. Ukivunjika hujui. Unaendelea kutembea, na mifupa inasagika kimyakimya.

Kwa hiyo leo nimemleta kazini kwangu hospitalini, kwenye chumba cha eksirei. Nimemsimamisha kwenye ubao wangu kama ninavyowasimamisha wote — lazima asimame, uzito wote uwe juu ya mguu, maana mguu uliolala kitandani hudanganya. Nikaupiga mguu picha kutoka ubavuni. Nikachora mistari. Mmoja katikati ya mfupa wa kifundo, mwingine katikati ya mfupa mrefu unaokwenda kwenye kidole gumba. Kwa mguu mzima hiyo miwili inakuwa mstari mmoja, umenyooka. Ya Baba imevunjika katikati, inaangukia chini kama daraja bovu.

Digrii kumi na nne chini.

Nimepima miguu ya watu miaka kumi na miwili. Sijawahi kupima wa Baba.

Daktari Arancibia alitazama, akamwambia Baba bila kuzunguka: plasta mpaka gotini, miezi mitatu, asiukanyage kabisa. Baba akacheka. Akasema daktari, mimi ni fundi wa buti za dansi, na Kanivali inaanza tarehe kumi mwezi ujao, unaniambia nikae? Daktari akamwambia: "Kaa, don Casiano, au utashona buti za upande mmoja."

 


Jumanne, 9 Januari

Magongo hataki. Anasema yanamfanya aonekane mzee. Ana miaka sitini na tisa!


Jumapili, 14 Januari

Bendi zinafanya mazoezi tangu saa nane mchana. Mji wote wa Oruro unatetemeka kwa matarumbeta. Kundi la Baba la ngoma ya morenada lilipita mtaani kwetu makusudi, likasimama chini ya dirisha, wakampigia. Baba dirishani, mguu juu ya stuli, bega linacheza peke yake. Wakamwita, "Don Casiano, safu ya mbele inakungoja wewe!" Nikafunga dirisha.

Tukagombana. Nikamwambia mtu mzima anajua kipi ni mchezo na kipi ni mguu. Akasema: "Wewe unapima mifupa, mimi napima nyama. Miaka hamsini nashika miguu ya watu. Huu wangu naujua." Nikamwambia huujui, huusikii hata ukichomwa na msumari!  Nilimwona anautazama ule mguu kama mgeni aliyeingia nyumbani bila hodi.

Nilijuta. Lakini sikuomba radhi.


Jumatano, 24 Januari

Leo tumekata plasta, nikapiga picha ya pili.

Kumi na tisa.

Umeshuka digrii tano kwa wiki mbili, ndani ya plasta! Haiwezekani. Kisha nikaigeuza ile plasta iliyokatwa nikatazama chini. Kisigino kimelika mpaka kitambaa kinaonekana. Tope. Na uzi mwekundu wa kushonea ngozi umenasa kwenye tope.

Nilimwonyesha. Hakubisha. "Kwenda karakanani tu. Hatua ishirini."

"Hatua ishirini mara ngapi, Baba?"

Daktari aliniita pembeni. Nilikuwa najua atakachosema, lakini mtu ukiambiwa na mwenzako ni jambo jingine. Mfupa wa katikati ya unyayo umeanza kushuka chini kuliko kisigino. Mguu unakuwa kama mguu wa kiti cha bembea. Ukikaribia thelathini, ngozi ya chini itapasuka, na ikipasuka kwa mtu wa sukari...  Akasema picha nyingine tarehe saba. Ikionyesha mguu umetulia, atampa kiatu cha plastiki cha kufunga na kufungua, apumzike nyumbani. Ikionyesha umeshuka tena, anamlaza wodini, kitandani tu, hakuna mjadala.

Wamefunga plasta mpya. Baba alimwomba muuguzi aipake rangi nyeusi ifanane na buti. Wote wakacheka isipokuwa mimi.


Jumapili, 28 Januari

Nimeiona.

Nilikwenda karakanani kumchukulia miwani yake. Nyuma ya magunia ya ngozi kuna pea imefunikwa kwa gazeti. Buti mpya, nyeupe, nakshi za dhahabu, njuga tayari. Ya kulia saizi yake ya kawaida. Ya kushoto pana kuliko kawaida, imeshonwa kwa kuzunguka uvimbe, na ndani ameweka sufu laini ya kondoo, unene wa vidole viwili. Kazi nzuri! Sijapata kumwona Baba akishona buti nzuri kiasi kile.

Nilikaa kwenye kigoda chake nikalia kwa hasira.

Jioni nikamuuliza kwa nini. Kwa nini huu mwaka, kwa nini usingoje mwaka ujao. Akasema mwaka ujao si mwaka huu. Nikamwita mtu wa kujionyesha. Nikamwambia anapenda makofi kuliko mguu wake, kuliko mimi nitakayemsukuma kwenye kiti cha magurudumu.

Alichukua kofia yake akaikung'uta vumbi ambalo halikuwapo. Akasema, "Chakula kinapoa."


Jumanne, 30 Januari

Kazi nyingi. Mtoto wa miezi mitano, alizaliwa nyayo zimepinda kwa ndani, zinatazamana. Wanamnyoosha kwa plasta ndogondogo kila wiki. Leo nimempima: ile pembe kati ya mifupa miwili ya nyuma, iliyokuwa nane, leo ishirini na mbili. Nilipomwambia mama yake namba imepanda hakuuliza maana yake. Alimbusu mtoto kwenye visigino, kimoja kimoja, akaondoka anaimba.

Kuna namba za kupanda kwa heri na namba za kupanda kwa shari. Leo nimetamani kuwa mama wa yule.


Jumapili, 4 Februari

Shangazi Felisa amekuja baada ya kufunga kibanda chake cha api, uji mtamu wa mahindi ya zambarau. Alituletea chupa ya api ya moto, na vitumbua vya jibini. Baba alikuwa amelala. Nikaanza kumlalamikia dada mtu juu ya kaka yake: ukaidi, ile buti, plasta iliyolika.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwani hajakwambia?"

"Kuniambia nini?"

Akatazama mlango wa chumba. Akashusha sauti.

Mwaka wa 2021. Mimi niko wodini na korona, siku ya tisa, oksijeni ya mtungi, nje kuna foleni ya watu wanatafuta mitungi. Nakumbuka dari tu. Kumbe siku hiyo waliambiwa wajiandae. Baba akatoka hospitalini kwa miguu, akapanda hadi kanisani kwa Bikira wa Mgodini, anayechezewa Kanivali. Kanisa limefungwa kwa ajili ya ugonjwa. Akapiga magoti nje, kwenye mawe, mvua inanyesha. Akaahidi miaka mitatu. Mwache binti yangu Nieves apumue, nami nitakuchezea miaka mitatu mfululizo, na vazi lote, njia yote, mpaka miguuni pako.

"Akacheza mwaka juzi," Shangazi akasema, akahesabu kwa vidole. "Akacheza mwaka jana. Umebaki huu."



Nikamuuliza kwa nini Baba hakuniambia. Akasema: "Akwambie ili iweje? Ili ujione mzigo? Alisema ni kati yake na Mama wa Mgodini."

Nimemwita mtu wa kujionyesha. Kwa mdomo wangu huu. Kwa pumzi hizi hizi.


Jumanne, 6 Februari

Nimemwambia Baba kwamba najua.

Alikasirika na Shangazi kwa dakika moja. Kisha akaniita nikae karibu. Aliniambia maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema, nisije nikayabadilisha siku nyingine.

"Sikiliza, binti yangu. Mimi si mpumbavu. Mguu naupenda, nimeuzoea. Nimezungumza na Mama. Nimemwambia, kesho Nieves atapima. Mguu ukiwa umeshuka, basi nitajua ameniruhusu nisicheze. Nitakwenda wodini, nitalala kama gogo, na ahadi yangu atanisamehe, yeye ni mama. Lakini ukiwa umesimama palepale kwenye kumi na tisa, basi ni yeye ameushika. Nami nitacheza."

Nikamwambia Mungu hapimwi kwa eksirei.

"Simpimi yeye. Unanipima mimi."

"Kwa nini kipimo changu, Baba? Kuna Daktari."

"Kwa sababu wewe hujawahi kunidanganya. Ulipovunja kioo cha karakana una miaka sita ulikuja mwenyewe, vipande mkononi, damu inatiririka. Hukusubiri hata niulize."

Akanipapasa kichwani kama mtoto. Mimi nina miaka thelathini na minane.


Jumatano, 7 Februari

Nitaandika haraka.

Plasta ilikatwa saa tatu. Mguu umepoa kidogo, hilo lilinipa matumaini. Kisigino cha plasta safi kabisa — wiki mbili hizi hakukanyaga. Alitimiza! Alisimama kwenye ubao kwa sekunde tatu, amenishika bega. Nikampeleka kwenye benchi la nje. Nikarudi kwenye kompyuta.

Mstari wa kwanza. Mstari wa pili. Ishirini na nne.

Nikafuta. Nikachora upya. Ishirini na nne. Nikafuta, nikanawa mikono, nikarudi. Ishirini na tatu na nusu.

Kupitia kioo cha mlango nilimwona. Amevua kofia, ameiweka gotini, midomo inatembea. Anasali. Mzee mzima, soksi moja.

Nikaushika mstari wa pili. Nikausogeza juu. Kidogo tu, upana wa ukucha, kutoka katikati ya mfupa hadi karibu na ukingo. Ishirini na mbili. Nikaushika wa kwanza nao.

Kumi na tisa.

Mwenye jicho akiitazama kwa makini ataona. Lakini Daktari Arancibia hapimi tena akiona jina langu chini. Miaka kumi na miwili. Alikuwa na watu thelathini mlangoni. Akasoma namba, akasema, "Umetulia. Afadhali." Akaandika kiatu cha plastiki. Akamwambia Baba, na Kanivali unatazama kwenye televisheni, don Casiano. Baba akasema, ndiyo Daktari.

Mimi ndiye niliyetoka kumwambia. Alinisoma uso. Nilijikaza.

"Kumi na tisa, Baba."

Alilia. Alijifunika kofia usoni pale kwenye benchi, mbele za watu, mabega yanaruka. "Ameushika," akasema. "Umeona? Ameushika."

Hakuna aliyeniomba. Yeye hakuniomba. Alisema atatii. Angetii!


Alhamisi, 8 Februari

Sijaenda kwa Daktari kusahihisha. Nimesimama mlangoni pake mara mbili. Mara ya pili nikasingizia karatasi.

Baba anang'arisha njuga. Anaimba.


Jumapili, 11 Februari

Amecheza.

Nilikwenda naye. Kama ni dhambi yangu basi niibebe kwa miguu yangu. Nilitembea pembeni ya safu njia yote, na mfuko wa maji na dawa zake. Shangazi upande wa pili. Vazi lile ni zito kama gunia la viazi, limeshonwa vioo na shanga, linamzunguka kama pipa. Kinyago usoni, macho yametokeza, ulimi nje. Huwezi kujua aliye ndani ni mzee mgonjwa. Mkononi chombo cha mbao cha kupigia kelele kinazunguka, krrr, krrr. Buti nyeupe. Kushoto, kulia, anayumba kama wenzake. Mvua ikaja, ikaondoka. Watu kwenye majukwaa wanapiga kelele, wanamwaga bia, wanaitana majina.

Kila walipopumzika nilimwinamia nikamuuliza, "Unajisikiaje?" Ndani ya kinyago anajibu, "Kama kijana! Kama mwaka niliomwoa mama yako!"

Nikaomba. Mimi nisiyeomba. Nikasema: Mama wa Mgodini, kama uko, fanya uongo wangu uwe kweli.

Wakaingia kanisani. Vinyago vinavuliwa mlangoni, bendi inapiga polepole. Baba akapiga magoti na vazi lile lote, akaenda kwa magoti hadi mbele. Nilikuwa nyuma yake. Nilimsikia. "Nimefika, Mama. Mtoto anapumua, nami nimefika." Kisha akageuka akanitafuta kwa macho kati ya watu, uso umelowa jasho na machozi, anacheka.

Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kiasi kile. Naandika hili kwa sababu nalo ni kweli.

Nyumbani alilala na buti. Alisema azivue kesho, amechoka. Nami nilichoka. Nilimwacha.




Jumatatu, 12 Februari

Asubuhi nilimvua buti. Ya kulia ikatoka. Ya kushoto ikagoma. Ile sufu ya kondoo — haikuwa nyeupe tena. Nyeusi, imegandamana. Harufu.

Chini ya unyayo, katikati, pale hasa mfupa uliposhuka, kuna tundu. Kidole gumba changu kingeingia.

Baba aliinama akatazama. "Hiyo damu ya nani?" akauliza. Kwa dhati kabisa! Hakusikia kitu.


Jumanne, 13 Februari

Leo ni siku ya kubariki nyumba; mji unanyunyizia nyumba pombe na kutupa maua, hospitali ina nusu ya watu. Picha nimepiga mwenyewe, hakukuwa na mwingine. Hakuweza kusimama, nimempiga amelala, nikishikilia ubao dhidi ya unyayo.

Thelathini na tatu. Mfupa wa katikati umevunjika vipande vitatu, na una kivuli ambacho ninakijua. Usaha umefika kwenye mfupa.

Ana homa. Muuguzi amechora mstari kwa kalamu kwenye muundi wake, pale wekundu unapoishia.

Daktari ametoka nyumbani kwake na nywele zina maua ya karatasi. Ametazama, ameketi. Akaniuliza kwa upole: Alicheza, siyo? Nikasema ndiyo. Akasema hakuna njia nyingine ila kuukata, chini ya goti, na mapema.


Jumatano, 14 Februari

Baba amekataa kutia sahihi fomu ya upasuaji.

Daktari amemweleza mara tatu. Mara ya tatu alimwonyesha picha. Baba aliitazama kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto wa jirani. Akasema: "Daktari, wewe umesoma, sibishani nawe. Lakini Mama wa Mgodini aliushika mguu huu wiki mbili, kwa mashine yenu wenyewe. Binti yangu alipima. Kumi na tisa na kumi na tisa. Sasa mtu aliyekushika hivyo atakuachia njiani? Ngojeni siku chache. Nieves atapima tena."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wanajua habari yote. Amewasimulia. Mzee mmoja wa kitanda cha dirishani aliniomba nimpime na yeye goti. Anasema mikono yangu ina baraka.

Nilitoka. Nilijifungia kwenye chumba cha picha.

Kisha nikaenda kwa Daktari. Nilifungua picha ya tarehe saba, nikafuta mistari yangu, nikachora mbele yake, katikati ya mfupa, inavyopaswa. Ishirini na nne.  Nikasikia bendi moja imechelewa mtaani, imelewa, inapiga bila mpango.

"Kwa nini?" akauliza.

Nikajaribu kueleza. Oksijeni, mawe, mvua, miaka mitatu. Nilisikia mwenyewe jinsi ilivyokuwa haieleweki.

Akasema: "Habari ya kazi yako tutaizungumza siku nyingine, Nieves, na itazungumzwa. Sasa hivi nina mgonjwa anayekufa kwa sababu anaamini namba. Si yangu, yako." Akazima kompyuta. "Mimi siwezi kumwondolea. Ni wewe."


Alhamisi, 15 Februari

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Niko kando ya kitanda chake. Wekundu umevuka mstari wa kalamu kwa vidole vitatu. Muuguzi amechora mwingine juu yake. Joto thelathini na tisa na nusu. Wamesema chumba cha upasuaji kiko tayari hadi saa nne. Baada ya hapo damu yenyewe itakuwa imechafuka na hawataahidi kitu.

Shangazi Felisa amekuja na api, ameiweka chini bila kuifungua. Nilimwambia kwenye korido. Nilidhani atanipiga. Alinitazama tu, akasema, "Wewe mtoto. Wewe mtoto." Kisha akajifuta macho kwa ncha ya shali, akasema: "Ukimwambia hakuna aliyemshika, utakuwa umemkata miguu yote miwili." Na baadaye kidogo: "Mwambie lakini. Nakuomba. Mimi nina kaka mmoja tu."

Sasa yuko nje, ameketi kwenye benchi, hataki kusikia.

Nimekuwa nikitafuta maneno tangu kulipopambazuka. Nikisema Bikira hakuushika mguu, atauliza kama alinishika mimi. Nitajibu nini? Pengine mtungi ulifika kwa sababu mgonjwa mwingine alikufa. Pengine alikuwa yeye Bikira, aliyemsikia Baba kwenye mawe, kwenye mvua. Sijui. Mimi najua kupima pembe kati ya mifupa miwili, basi.

Nikinyamaza, ifikapo Jumamosi sina baba, lakini atakwenda anacheka.

Fomu iko juu ya meza na kalamu ya Daktari. Nimeisoma mpaka nimeikariri. Pana nafasi ya sahihi ya mgonjwa, na chini yake nafasi ya shahidi.

Amejigeuza. Mdomo umekauka, nimemlowesha kwa pamba. Ameniuliza kama nimekula. Anakufa na ananiuliza kama nimekula!

Nimesema ndiyo. Uongo mwingine.

Ametazama mkono wangu. Anasema tangu utoto naandika kwenye madaftari na kuyaficha, wala yeye hajawahi kuyafungua, hata siku moja. Anauliza ninaandika nini hivi asubuhi yote. Nimesema mambo ya kazi. Mambo ya vipimo.

Amefumba macho, ametabasamu. Anasema homa imemkimbizia usingizi, na sauti yangu inamtuliza.

Anasema nimsomee.